NATO Kupanuka: Kinachotishiwa Hasa ni Nini?

Ndugu zangu, historia ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, tangu 1949 mnaijua, sitairudia. Naenda moja kwa moja kwenye hoja ninayobishana nayo kila siku hapa mjini: eti Urusi iliivamia Ukraine kwa kuwa NATO ilikuwa inaisogelea, kwa hiyo wa kulaumiwa ni Magharibi.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuipime hoja hiyo kwa Kagera, mkoa wetu uliovamiwa na Uganda ya Idi Amin. Amin alikuwa na sababu ya kuihofia Tanzania. Obote, rais ambaye Amin alimpindua 1971, alikuwa anaishi Dar es Salaam, na Septemba 1972 wapiganaji wake walivuka mpaka wakitokea kwetu kwenda kumng'oa. Hofu ya Amin haikuwa ya kubuni. Lakini Novemba 1978 alipotangaza kwamba mpaka sasa ni Mto Kagera, nani hapa alisema tumwelewe? Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Na vita vikafika hapa hapa. Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, nchi iliyokuwa ikimsaidia Amin, ndege iliyoundwa Sovieti, ilitumwa kulipua ghala la mafuta Mwanza. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane yakaua swala. Ndiyo, Saanane hii hii mnayowapeleka watoto kwa boti! Hofu ya Amin ilikuwa ya kweli, na bado haikumpa haki ya shamba hata moja la Kagera.

Sasa NATO. Je, kupanuka kwake kuliitishia Urusi? Kulitishia kauli yake juu ya majirani, nakubali. Poland mwaka 1999 na nchi za Baltiki (Estonia, Latvia na Lithuania) 2004 hazikuburutwa NATO. Ziliomba zenyewe, maana zinakumbuka zilivyotawaliwa na Moscow. Na kwenye mkutano wao wa Bucharest 2008 viongozi wa NATO walikosea vibaya: waliziahidi Ukraine na Georgia uanachama bila tarehe wala ulinzi. Lakini ardhi ya Urusi, nani aliitishia? Finland iliingia Aprili 2023, ikaleta mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300. Putin mwenyewe, Mei 2022, alisema Finland na Sweden kujiunga si tishio la moja kwa moja, akaonya tu kuhusu miundombinu ya kijeshi. Kama shida ni ukaribu wa NATO, mbona Finland inavumilika, na Ukraine isiyo mwanachama inapigwa makombora?

Mtaniambia: 1990 James Baker, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alimwambia Gorbachev, kiongozi wa Sovieti, kwamba NATO haitasogea mashariki hata inchi moja. Alisema, wakizungumzia Ujerumani, na halikuingia kwenye mkataba wowote. Kilichosainiwa ni makubaliano ya Budapest 1994: Ukraine iachane na silaha za nyuklia, Urusi iheshimu mipaka yake. Maneno ya Baker mnayakariri, saini ya Urusi mnaisahau!

Mtasema Marekani nayo iliivamia Iraq 2003. Marekani ilikosea Iraq, na kosa hilo haliipi Urusi hati ya Crimea, ardhi ya Ukraine iliyoitwaa 2014.

Nilitaka kugusa Kifungu cha 5 cha NATO, kile cha kulindana, na bei ya ngano, muda umekwisha. Nimalize na sisi. Azimio la Cairo la 1964, la Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alilolipigania Mwalimu Nyerere, linataka mipaka tuliyoirithi iheshimiwe. Tarehe 2 Machi 2022, Umoja wa Mataifa ulipopigia kura uvamizi huu, Kenya iliupinga, Tanzania ikajizuia. Nchi iliyopigania Kagera ilipaswa kuupinga waziwazi. Anayebisha aje mbele, kipaza sauti hiki hapa.