Upepo Kwanza, Filimbi Baadaye

Ndugu zangu wawindaji, nimelisema hili msimu hadi msimu na leo nalirudia: kulungu mkia-mweupe wa Amerika haitikii filimbi, ile tunayopuliza kuigiza mguno wa dume, kwa kuifuata ilipo. Dume aliyekomaa akisikia mguno, mara nyingi huzunguka kwanza, mpaka ashike upepo unaotoka kwako. Pua ndiyo inayomthibitishia. Wewe umekaa juu ya dungu, umeupa kisogo upande ule ule upepo unakoelekea, na kichaka kimekuziba usione. Ameshakunusa, ameinua mkia, ametoweka, nawe unarudi kusema filimbi ni mbovu!

Kabla hujapuliza, dondosha unga kidogo uone unakopeperukia. Huko ndiko atakakotokea. Chagua mahali ambapo upande huo una mto, ziwa au uwazi asiopenda kuukatiza mchana. Kama huna hayo, fyeka mapema njia ya kupigia, ili mwenye upinde ampate kwenye mita 20 au 25, kabla hajaikanyaga harufu yako.

Sasa dume anapita mita 80, ubavu kwako. Guna mara moja, nusu sekunde, kwa sauti ya kati. Tazama masikio. Yakigeuka naye akasimama, amesikia, nyamaza. Hajageuza? Ongeza sauti kidogo. Akianza kuja, usipulize tena, tafadhali! Masikio yake yataonyesha mti wenyewe uliopo, macho yatafuata, nawe hutaweza hata kuvuta upinde.

Najua kuna atakayesema, “Mbona kwenye video wanapuliza mfululizo?” Video inakuonyesha dume aliyekuja. Asubuhi walizopuliza bure zimekatwa. Kama huoni mnyama, miguno mitatu au minne kila nusu saa inatosha.

Filimbi yenyewe ichunguzeni. Ndani mna utepe mwembamba wa plastiki na kipete cha mpira. Kipete kikiacha sehemu fupi ya utepe icheze, sauti inapanda, inakuwa ya jike au mtoto. Kikiacha sehemu ndefu, inakuwa nzito. Msiikimbilie nzito kupita kiasi, madume wadogo huikimbia. Pulizeni kutoka kifuani, kama mtu anayepumulia kioo cha miwani akifute, maana mashavu hutoa mate. Kwenye baridi ya Novemba kule Wisconsin au Minnesota, Marekani, mate yanaganda, utepe unanata, na panapotakiwa mguno panatoka mlio mkali usio wa kulungu. Iwekeni ndani ya koti, kifuani, na msimu ukiisha ioshwe na kukaushwa.

Muda unanibana. Kugonganisha pembe mbili ili kuigiza madume wanaopigana: wiki ya mwisho ya Oktoba na ya kwanza ya Novemba, madume wakiwa wanatafuta majike lakini wengi wa majike hawajawa tayari kupandwa. Dakika moja ya kugonga kwa nguvu, kisha kimya cha nusu saa. Kwenye msitu wenye majike wengi na madume wachache usitegemee mengi, kwani dume hana sababu ya kugombana.

Na hili silirushi hata muda ukiisha: mlio wa pembe humvuta pia mwindaji mwingine mwenye bunduki. Egemea mti mpana kuliko mabega yako, vaa rangi ya chungwa inayong'aa, na ukimwona mtu, mwite kwa sauti ya binadamu, usimpungie mkono. Filimbi za umeme zina sheria tofauti kila jimbo. Someni kitabu cha kanuni cha jimbo lenu kabla ya kununua. Kopo linaloigiza sauti ya jike likipinduliwa tutalizungumza hapo nje, nimekuja nalo.