Paja Hulipa Baadaye: Safari ya Daniel Ghiță

MWANAIDI: Karibu tena, msikilizaji. Leo tuna jina moja tu mezani, nalo ni Daniel Ghiță, mpiganaji wa uzito wa juu kutoka Romania, aliyezaliwa mwaka 1981. Kwa takriban miaka mitano alikuwa miongoni mwa watu ambao hakuna aliyetamani kupangiwa nao katika kikiboksi, mchezo wa ngumi na mateke, lakini alitoka ulingoni bila ubingwa wa K-1 wala mkanda wa Glory, mashirika mawili makubwa ya mchezo huo. Kaka Baraka, wewe ndiye uliyelileta jina hili, na tangu juzi unashikilia kwamba tatizo lake lilikuwa muda. Hebu fafanua.

BARAKA: Asante, dada. Kabla sijafika kwa Ghiță mwenyewe, naomba nianze na teke lenyewe, kwa sababu huyu ni mtu ambaye ukimtaja mbele ya wapenzi wa mchezo huu, neno la kwanza watakalokujibu ni teke la chini. Nilipokuwa kijana nilifanya mazoezi katika ukumbi mmoja mdogo, na jioni moja mwenzangu, ambaye hata hakuwa akitumia nguvu zake zote, alinipiga kwa ugoko ubavuni mwa paja la kushoto, shibiri moja hivi juu ya goti. Sikuanguka, na kusema kweli nilicheka. Raundi iliyofuata nilipotaka kumsogelea, mguu ukachelewa kuitikia, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kesho yake asubuhi nilishuka ngazi za nyumba tuliyopanga kinyumenyume, huku nimeshika ukuta, na mama mwenye nyumba akaniuliza kama nimeanguka na bodaboda.

MWANAIDI: Ulimjibu nini?

BARAKA: Nilimjibu ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza.

MWANAIDI: Basi hapo ndipo penye hoja yako, yaani maumivu hayaji pale pale.

BARAKA: Ndiyo. Ngumi ya kidevuni hudai malipo yake papo hapo, lakini teke la paja ni mkopo unaodaiwa raundi ya pili au ya tatu. Mguu wa mbele ndio unaobeba uzito wa mpiganaji anapotupa ngumi na ndio unaomwezesha kurudi nyuma, hivyo ukishakufa ganzi, hata mikono yake inapoteza nguvu. Kinga yake inajulikana: unainua mguu na kupokea teke kwa ugoko badala ya nyama ya paja. Hata hivyo, mtu mwenye uzito wa zaidi ya kilo mia anapokupigia teke la namna hiyo, hata hiyo kinga inauma. Ghiță alijenga jina lake kwa silaha hiyo, na watangazaji wakampa lakabu ambayo kwa Kiswahili tungesema Samurai Mkali.

MWANAIDI: Nadhani msikilizaji angependa kujua alitokea wapi, kwa sababu Romania si nchi ya kwanza inayotujia akilini tunapozungumzia mchezo huu. Tumezoea kusikia habari za Uholanzi na Japani.

BARAKA: Ni kweli. Romania ilipata jukwaa lake mwaka 2003, pale mwandalizi wa mapambano Eduard Irimia alipoanzisha Local Kombat, mfululizo wa mapambano yaliyoonyeshwa kwenye televisheni na kujaza kumbi za michezo katika miji ya nchi hiyo. Humo ndimo walimopita wengi wa kizazi hicho. Cătălin Moroșanu, kwa mfano, alitokea kwenye raga, na nyumbani kwao ni maarufu pengine kuliko wote. Ghiță hakuwa na vituko vya Moroșanu. Alikuwa mtu wa sura kavu, na umaarufu wake ulikua zaidi Japani kuliko mtaani kwao.

MWANAIDI: Tuingie Japani basi, maana hapo ndipo ninapotaka kubishana nawe.

BARAKA: Mwaka 2009 ndio uliomfungulia mlango. K-1, shirika lililoanzishwa Japani mwaka 1993, lilikuwa na mtindo wake: mwezi Septemba au Oktoba wapiganaji kumi na sita wanachujwa wabaki wanane, kisha hao wanane wanakutana usiku mmoja wa Desemba hadi abaki mmoja. Ghiță akafika kwenye hao kumi na sita, na mchujo ulifanyika Seoul tarehe 26 Septemba 2009. Sasa fikiria mgeni wa jukwaa hilo anapangiwa nani.

MWANAIDI: Semmy Schilt.

BARAKA: Semmy Schilt, Mholanzi mwenye urefu wa mita 2.12, ambaye wakati huo alikuwa tayari ametwaa ubingwa huo mara tatu mfululizo, mwaka 2005, 2006 na 2007. Schilt alishinda kwa uamuzi wa majaji. Katika orodha ya matokeo hilo ni pambano la kushindwa tu, lakini tazama kilichofuata: Desemba mwaka huohuo, pale Yokohama, Schilt aliwapiga Jérôme Le Banner, Remy Bonjasky na Badr Hari, wote watatu katika raundi ya kwanza, akachukua ubingwa wa nne. Kwa hiyo katika safari nzima ya Schilt kuelekea taji la 2009, mtu pekee aliyesikia kengele ya mwisho akiwa amesimama mbele yake ni yule Mromania.

MWANAIDI: Nakubali kwamba hilo ni jambo kubwa, ingawa kusimama hadi mwisho si kushinda. Usiku huohuo wa Yokohama Ghiță alipewa pambano la akiba, yaani la kumpata mbadala endapo mmoja wa wale wanane angeumia, dhidi ya Sergei Kharitonov wa Urusi, akashinda, lakini pambano la akiba ni kama kuitwa arusini uketi karibu na jikoni.

BARAKA: Chakula kinakufikia kwanza, dada.

MWANAIDI: Haya, tuendelee. Mwaka 2010 hakuwa tena mtu wa akiba.

BARAKA: Hakuwa. Kwenye mchujo wa Seoul, Oktoba 2010, alimwangusha Errol Zimmerman katika raundi ya kwanza, na Zimmerman hakuwa mtu mdogo, kwa sababu miaka miwili kabla alikuwa amefika nusu fainali ya ubingwa huo. Halafu Desemba, Tokyo, robo fainali dhidi ya Gökhan Saki. Raundi tatu zikaisha bila mshindi kupatikana, ikaongezwa raundi ya ziada, na majaji wakampa Saki. Saki alikwenda nusu fainali mkono ukiwa umeshaumia, na Alistair Overeem akamsimamisha kwa teke lililotua upande huo. Overeem ndiye aliyetoka na ubingwa usiku ule. Ninachosema ni kwamba Ghiță alikuwa akiwaharibu watu, lakini matunda ya uharibifu wake yakivunwa na wengine.

MWANAIDI: Hapo unamtendea haki Ghiță na kumnyima Saki. Saki alikuwa na mikono ya kasi kuliko karibu kila mtu wa uzito ule, na mtu wa kasi hujaza raundi kwa mapigo ambayo majaji wanayaona. Teke la chini ni zito, lakini halipendezi macho kama ngumi nne mfululizo. Kama mpiganaji anajua kwamba majaji wanahesabu kinachoonekana, basi ni juu yake kuwaonyesha.

BARAKA: Sipingi. Ila kumbuka mfumo wenyewe. Baada ya K-1 kuzama katika matatizo ya fedha na wapiganaji kuanza kulalamikia malipo, Glory ikachukua nafasi yake mwaka 2012, na tarehe 31 Desemba mwaka huo ikaandaa shindano la uzito wa juu ndani ya Saitama Super Arena: watu kumi na sita, usiku mmoja, na bingwa alipaswa kushinda mara nne. Ili iwezekane, mapambano yalifupishwa, kiasi kwamba ukishinda raundi mbili za kwanza, kazi imekwisha. Huo ni mpangilio unaomnyima riziki mtu ambaye silaha yake hulipa baadaye.

MWANAIDI: Lakini alifika fainali! Kaka, huwezi kuulaumu mfumo uliompitisha katika mapambano matatu kwa usiku mmoja. Fainali akamkuta tena Schilt, na safari hii hakusikia kengele. Alisimamishwa raundi ya kwanza. Hapo haikuwa habari ya muda, bali ya mtu wa mita 2.12 anayeweza kukupiga kichwani kwa mguu bila kujinyoosha.

BARAKA: Hilo la Saitama nakuachia. Mwaka uliofuata Schilt alistaafu kwa sababu ya matatizo ya moyo, na wengi tukaamini kwamba sasa njia ni nyeupe.

MWANAIDI: Ndipo akatokea Rico Verhoeven, kijana aliyezaliwa mwaka 1989, ambaye wakati ule hakuna aliyempigia hesabu. Tarehe 12 Oktoba 2013, nje kidogo ya Chicago, Glory iliandaa shindano la watu wanne. Rico akamshinda Saki, Ghiță akamshinda Mbrazili Anderson Silva anayeitwa Braddock, ambaye si yule wa UFC, shirika la mapigano mseto, na fainali ikaenda kwa Rico kwa pointi. Naomba sasa unijibu kuhusu Los Angeles, maana pale tarehe 21 Juni 2014, katika ukumbi wa The Forum, walipigania mkanda wa kwanza wa uzito wa juu wa Glory kwa raundi tano kamili. Muda ulikuwepo wa kutosha, kaka Baraka. Mkopo haukulipwa kwa nini?

BARAKA: Swali hilo limenikosesha usingizi, na jibu nililonalo halinipendezi. Ghiță alikuwa na miaka 33 na Rico 25. Rico hakuwa na pigo la kutisha la kummaliza mtu, lakini alikuwa na pumzi na miguu isiyotulia: anapiga mawili matatu, anatoka pembeni, na teke likifika pale alipokuwa, yeye hayupo. Paja ambalo halikugongwa barabara halidaiwi kitu. Raundi tano zilimpa Ghiță muda, lakini zilimpa na Rico muda uleule wa kukusanya pointi.

MWANAIDI: Kwa hiyo unakubali kwamba hoja yako ya muda inavuja.

BARAKA: Inavuja, ila haijazama. Naiweka hivi: alihitaji raundi nyingi alipokuwa kijana wa K-1, na alipozipata, miguu yake haikuwa tena ile ya Seoul. Na usisahau alishindwa na nani. Rico aliushika mkanda ule kwa zaidi ya miaka kumi, na wakubwa wengi waliomfuata hawakumsumbua kama alivyosumbuliwa na Ghiță.

MWANAIDI: Hapo tumekutana. Baadaye Ghiță aliingia kwenye siasa, akachaguliwa kuwa mbunge kwa tiketi ya PSD, chama cha kisoshalisti cha kidemokrasia cha Romania, katika uchaguzi wa Desemba 2016. Nako bungeni, tuseme tu, mateke ya chini hayakosekani.

BARAKA: Na waamuzi hawayaoni vizuri zaidi.

MWANAIDI: Msikilizaji ambaye hajawahi kumwona aanze na pambano gani?

BARAKA: Wengi watamwambia aanze na lile la Zimmerman kwa sababu ni fupi na linasisimua. Mimi ningemwomba aanze na lile la Schilt la 2009, alitazame mara moja kama kawaida, kisha alirudie akiwa amefunika nusu ya juu ya kioo kwa kiganja, abaki na miguu tu.