Posa ya dume mwekundu

HAMISI: Haya, tuko hewani. Shemeji kabla sijasahau, leo tuna mambo matano ya kuchagua jozi za rola, hawa njiwa wetu wanaobingirika angani, nimeyaandika kwenye karatasi kabisa, na tukimaliza tunasoma maswali ya wasikilizaji. Leo hatupotezi muda.

ZUHURA: Hatupotezi. Ila ngoja nikupe kwanza kilichonikuta wiki hii.

HAMISI: Tumeanza.

ZUHURA: Dakika mbili tu bana. Jumamosi niko uani nasafisha banda, mvua ya huku Smethwick, Uingereza, unaijua, hainyeshi ikaisha, akaja jamaa mmoja kutoka Wolverhampton kaambiwa na yule mzee jirani yangu kwamba nina dume mwekundu. Unamkumbuka yule mwekundu?

HAMISI: Wa shingo ya shaba na mabawa ya majivu? Aisee si nilimweka kwenye simu, wife akauliza mbona unamtazama sana huyo.

ZUHURA: Huyo huyo. Jamaa kasimama mbele ya banda hasemi kitu, anamtazama tu, halafu ananiambia namtaka, na akataja bei ambayo kwa njiwa asiyebingirika ni wazimu.

HAMISI: Kaja kuposa!

ZUHURA: Shemeji.

HAMISI: Kaja peke yake? Hakuna mshenga, hakuna wazee? Barua ya posa iko wapi? Hela ya kufungulia barua je?

ZUHURA: Na hapo anayeposwa ni mwanaume.

HAMISI: Ulaya hiyo! Endelea mama mkwe, nakusikiliza.

ZUHURA: [anacheka] Nikamwambia ukweli, huyu habingiriki. Karuka msimu mzima na kundi, wenzake wanajifunga wanabingirika chini futi ishirini, thelathini, wanafunguka wanarudi juu, yeye anazunguka tu anawaangalia. Jamaa anasema hajali. Sasa mi nikakataa hela, nikampa bure, kwa sharti asimpandishe na rola yeyote.

HAMISI: Umempa nini?

ZUHURA: Bure.

HAMISI: Yaani kijana mzuri vile, umelea toka yai, mahari hukuchukua hata ya kunywea chai?

ZUHURA: Nisikilize. Nikichukua hela maana yake nimeuza rola. Mwakani watoto wake watatangazwa "hawa ni damu ya banda la Zuhura", halafu wanarushwa mbele za watu hawabingiriki, jina la nani linachafuka? Kwa hiyo nimempa kama njiwa wa kutazama, namba ya pete yake ya mguuni nimeipiga mstari kwenye daftari, basi.

HAMISI: Ila hapo kwenye damu nakuelewa, maana hao watu wenu kila mmoja njiwa wake ni ukoo wa Pensom. Nikiangalia video za Wamarekani, Pensom, wa Afrika Kusini, Pensom. Huyo mzee alikuwa na njiwa wangapi?

ZUHURA: [anacheka] William Pensom alikuwa wa huku huku, alipeleka njiwa Marekani halafu na yeye mwenyewe akahamia California. Kwa hiyo ni kweli damu imesambaa. Ila toka enzi hizo vimepita vizazi vingi, kila mfugaji kachagua anachokitaka, mmoja kachagua mbingirio, mwingine kachagua rangi, wote wanaandika Pensom.

HAMISI: Ndo maana nasema posa inataka kuulizia! Huku kwetu mtu hakupi binti kwa kusikia jina la ukoo tu, anatumwa mtu mtaani aulize, huyu kijana anaswali? ana kazi? mama yake ana ugomvi na majirani?

ZUHURA: Mama wa yule mwekundu hana ugomvi na mtu, shida yake habingiriki vizuri. Yeye ndo mwekundu, nilipewa na jirani. Nikampandisha na lile dume langu la bluu.

HAMISI: Bwana Mkubwa.

ZUHURA: Bwana Mkubwa. Na hapo kuna kitu kitamu kwa wanaopenda rangi. Jike wa njiwa ana kromosomu moja tu ya rangi ya msingi na kaipata kwa baba yake, mama hampi. Dume anazo mbili, moja ya baba moja ya mama. Na nyekundu ya majivu inaishinda bluu. Kwa hiyo jike mwekundu ukimpa dume bluu, wanaume wote wanatoka wekundu kama mama, mabinti wote wanatoka bluu kama baba. Manyoya yakitokeza tu unajua nani dume nani jike, hungoji mpaka aanze kuguruma.

HAMISI: Ukigeuza je, dume mwekundu na jike bluu?

ZUHURA: Dume akiwa na nyekundu kwenye kromosomu zote mbili, watoto wote wekundu. Akiwa amebeba bluu ndani wanachanganyika. Na mara nyingi utamjua, anakuwa na vidoti vyeusi kwenye manyoya, kama wino umemdondokea.

HAMISI: Kwa hiyo bwana harusi wetu wa Wolverhampton ana vidoti.

ZUHURA: Anavyo.

HAMISI: Basi mkwe akikagua atamkuta na siri ya ukoo! [wanacheka] Sasa shemeji, we unasema rangi haina kazi, mi nina swali. Banda lako lote ni bluu na wa madoa. Kwa nini?

ZUHURA: Kwa sababu baba yao bluu.

HAMISI: Rangi ya baba si rangi?

ZUHURA: Si kwamba nachagua rangi! Nachagua baba. Kwenye mashindano ya dunia ya rola kundi linarushwa dakika 20, lisizidi njiwa 20, jaji anahesabu pale watano au zaidi wanapovunja, yaani wanapobingirika, kwa pamoja, halafu pointi zinazidishwa kwa ubora na kwa kina. Hakuna alama ya rangi, hata wawe kijani.

HAMISI: Sawa, jaji anakaa dakika 20 anaondoka. Mi nakaa na njiwa kila siku asubuhi na jioni, nikitaka wanipendeze kosa liko wapi? Halafu yule kijana umemfukuza mapema, wapo rola wanachelewa, anaanza kubingirika mwaka wa pili, tena hao mara nyingi ndo wanadumu.

ZUHURA: Wapo, nakubali. Ila anayechelewa unamwona anajaribu, anapiga pindu moja, anakaa mkia, kuna dalili. Yule hana dalili yoyote, ana sura tu.

HAMISI: Sawa, tuache hilo, tuje jambo la kwanza kwenye karatasi. "Kabla hujapandisha jozi..." Hivi, dada yake yule, yule bluu anayebingirika vizuri, mwaka huu umempa nani?

ZUHURA: ...Bwana Mkubwa.

HAMISI: Nani?

ZUHURA: Bwana Mkubwa.

HAMISI: Baba yake?!

ZUHURA: Nilijua tu. Nilijua nikisema hivi utatoka barabarani unapiga kelele.

HAMISI: Astaghfirullah. Muda wote naongea posa, wazee, mshenga, kumbe ndani ya banda kuna mambo haya. Wasikilizaji wenye watoto punguzeni sauti.

ZUHURA: Hawa njiwa shemeji, sio watu! Na hii nakataa uifanye utani, maana ndo somo lenyewe. Kubingirika si kama rangi. Rangi ni vinasaba vichache vinavyojulikana, unahesabu kwenye karatasi. Mbingirio ni vingi, na vinajificha. Chukua rola mzuri kabisa mchanganye na njiwa wa mbio, watoto wale wa kwanza kwa kawaida hawabingiriki. Kitu kiko ndani lakini hukioni. Sasa nikimpata dume mmoja anayevunja haraka mpaka unaona mpira, anajua kuacha, anarudi kwa wenzake, yule nitamwachaje apotee kwenye damu za watu? Binti yake ana nusu yake, watoto wao wanakuwa robo tatu yake. Hivyo ndo unamrudisha.

HAMISI: Na hapo hapo robo ya vinasaba vya kila kinda inakuwa nakala mbili za kitu kimoja. Hiyo nayo iandike. Kama Bwana Mkubwa kabeba udhaifu, umeukaribisha sebuleni. Mayai hayaanguliwi, kinda anakua nusu nusu, akipata kanka, ule ugonjwa wa koo, hainuki.

ZUHURA: Anayezaliwa dhaifu namtoa.

HAMISI: Unamtoa ukimwona. Udhaifu mwingine huuoni mpaka baada ya miaka mitatu banda zima limekuwa na mayai yasiyo na mbegu. Mi nimeona kwa wafugaji huku Tanga, walianza na jozi mbili nzuri, wakajifungia nazo, hawataki damu ya nje, mwisho njiwa wamekuwa wadogo kama pugi.

ZUHURA: Hao walipandisha bila kuchagua, wanapandisha kila kinachotaga. Mi nachagua kwa ukali.

HAMISI: Ukali hauongezi damu mpya! Mpe binti mume kutoka banda lingine linalobingirika. Au mpe mjomba basi, binamu, kuna hatua nyingi kabla ya baba.

ZUHURA: Nimejaribu damu ya nje. Watoto wa kwanza wanatoka moto, wanapendeza, unashangilia. Ukiwapandisha hao, wajukuu wanavurugika, mmoja habingiriki, mwingine anabingirika hajui kuacha anakuja na paa. Umeshamwokota njiwa wako kwenye vigae we?

HAMISI: Nimeokota. Na yule aliyegonga alikuwa wa damu moja pande zote mbili, hakuwa mchanganyiko.

ZUHURA: Mmoja.

HAMISI: Mmoja kwangu. We pia unaongelea banda lako moja.

ZUHURA: [kimya kidogo] Hapana, sikubaliani na wewe.

HAMISI: Na mi sikubaliani na wewe, na jozi hiyo naomba uivunje kabla hajataga.

ZUHURA: Keshataga.

HAMISI: La haula.

ZUHURA: Mayai mawili, anaatamia, wiki mbili na nusu yanaanguliwa, tutaona.

HAMISI: Yakianguliwa utasema umeshinda, na kuanguliwa si kipimo. Kipimo ni wajukuu. Darwin mwenyewe alifuga njiwa pale Kent, alichanganya weupe wa mkia wa feni na weusi, watoto wakatoka rangi ya ajabu ajabu, akawachanganya wale tena, mjukuu akatoka bluu na michirizi miwili myeusi kwenye bawa kama njiwa wa mwituni. Babu wa zamani kabisa kajitokeza! Kwa hiyo damu inakaa chini inasubiri, nzuri na mbaya.

ZUHURA: Sasa umenisaidia. Kama nzuri inakaa chini inasubiri, mi ndo nainyanyua.

HAMISI: Na mbaya nani anainyanyua?

ZUHURA: Hiyo karatasi yako ya mambo matano ilisemaje?

HAMISI: Usibadilishe mada. La kwanza lilikuwa "usipandishe ndugu wa karibu sana".

ZUHURA: Aa, kumbe ulishanihukumu kabla hatujaanza!

HAMISI: Niliandika jana, wallahi sikujua. La pili pete na daftari, la tatu... tumebakiza dakika ngapi?

ZUHURA: Tatu. Na yule msikilizaji wa Mombasa anayeuliza mchanganyo wa mtama na ngano kabla ya kurusha, ni wiki ya pili sasa.

HAMISI: Ndugu yetu wa Mombasa, tuwie radhi, wape kidogo, njiwa aliyeshiba haruki, mengine tutakutumia kwa sauti. La tatu hadi la tano tunayaruka. Shemeji niulize la mwisho kabla hatujakata, huyo jamaa wa Wolverhampton, sharti la kutompandisha na rola aliliandika popote?

ZUHURA: Tulipeana mkono.

HAMISI: Mkono tu? Bila shahidi?

ZUHURA: Mume wangu alikuwa dirishani.

HAMISI: Kaka yangu hajui hata njiwa mwekundu ni yupi. Mpigie leo huyo jamaa, muulize banda lake lina majike wangapi, na hao majike ni ukoo gani.