Kuutayarisha ukuta wa mbao wa bafuni kabla ya kubandika vigae

Karibuni, ndugu watazamaji. Tuko ghorofa ya juu ya nyumba moja mjini Lamu, ambamo bafu limetengwa na chumba cha kulala kwa ukuta wa fremu ya mbao uliopigiliwa plaiwudi, kwa kuwa mwenye nyumba hakutaka kuzitwisha boriti za zamani uzito wa ukuta wa mawe. Uamuzi wake ni mzuri, lakini vigae visibandikwe juu ya plaiwudi hii. Mbao hufura wakati wa masika na kunywea kaskazi inapovuma, ilhali kigae hakifuri wala hakinywei. Vikivutana, kinachobanduka ni kigae.

Kwanza ondoeni plaiwudi yote ya upande wa bafu mpaka fremu ionekane. Kisha chukueni bisibisi nyembamba, muichome miguu ya nguzo pale chini karibu na sakafu. Tazameni hii: ncha imezama bila kutumia nguvu, na unga unaotoka ni laini kama wa ngano. Nguzo iliyoliwa namna hii haiponi kwa kupakwa rangi, kwa hiyo tumeitoa na kutia mpya iliyopakwa dawa ya mchwa. Kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya nyingine pasizidi sentimita 40. Angalieni wima kwa timazi, halafu usukumeni ukuta kwa kiganja. Ukitikisika, ongezeni mbao.

Sasa tunafunga bodi za saruji za unene wa milimita 12. Bodi hizi huvushwa kwa boti kutoka Mokowe, na pembe zake huvunjika upesi, basi zibebeni zikiwa zimesimama. Mnapozikata vaeni barakoa, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu. Tumieni skrubu zisizoshika kutu, moja kila sentimita 20, kwani upepo wa bahari hauzisamehe skrubu za kawaida. Maungio yote yakae juu ya nguzo, yakiachiwa nafasi ya milimita 3, na chini acheni milimita 6 ili bodi isinyonye maji ya sakafuni.

Maungio ndiyo yanayotaka subira. Jazeni gundi ya vigae ya saruji ndani ya ufa, lazeni juu yake utepe wa wavu wa nyuzi za kioo, kisha upitisheni mwiko kwa kuukandamiza mpaka gundi ichomoze katika kila tundu la wavu, kama mnavyoona hapa. Gundi hiyo ikorogeni kwa maji matamu. Ya kisima chenye chumvi huacha ukungu mweupe na kuzila skrubu.

Gundi ikikauka, pakeni dawa ya kuzuia maji mikono miwili, wa kwanza kwa kwenda juu na chini, wa pili kwa kukingama, mkizidisha pembeni na kuzunguka mabomba. Mkipaka dawa hii, msiweke nailoni nyuma ya bodi, maana unyevu utakaoingia katikati hautapata pa kutokea na utaiozesha fremu.

Subirini muda ulioandikwa kwenye kopo. Gusa pembe ya chini, ambayo hukawia kuliko zote. Kidole kikitoka kikavu, pigeni mstari wa kigae cha kwanza.