Rais Aliyerudi Bungeni: John Quincy Adams

MWANAIDI: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunamzungumzia John Quincy Adams, rais wa 6 wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1767 huko Massachusetts, mtoto wa rais wa 2. Bwana Bakari, wiki nzima umekuwa ukiniambia kwamba urais ndio sehemu ya maisha yake isiyokuvutia hata kidogo.

BAKARI: Na sijabadili msimamo, Bi Mwanaidi. Tazama alikotoka: akiwa na miaka 7 alisimama kilimani na mama yake, Abigail, wakitazama kwa mbali moshi wa mapigano ya Bunker Hill, katika vita vya Marekani kudai uhuru kutoka kwa Uingereza, na akiwa na miaka 14 alikwenda St. Petersburg, Urusi, kuwa katibu na mkalimani wa Kifaransa wa mjumbe wa Marekani. Baadaye alikuwa balozi Uholanzi, Prussia, Urusi na Uingereza, kisha Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka 8. Mtu wa namna hiyo ungedhani Ikulu ataiendesha akiwa amefumba macho.

MWANAIDI: Kumbe alikwama mlangoni. Mwaka 1824, kati ya wagombea 4, Andrew Jackson alipata kura 99 za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais, Adams 84, na kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu ya kura zote, uamuzi ulipelekwa kwenye Baraza la Wawakilishi, ambako kila jimbo lilipiga kura moja. Spika Henry Clay, aliyekuwa ameshika nafasi ya 4, alimuunga mkono Adams, naye akapata majimbo 13 kati ya 24. Baada ya siku chache tu Clay akateuliwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje!

BAKARI: Hapo ndipo alipojikwaa. Mimi naona ulikuwa uzito wa kusoma hisia za watu kuliko hila, lakini wafuasi wa Jackson waliimba wimbo wa vyeo kuuzwa kwa miaka 4 mfululizo, na mwaka 1828 wakambwaga kwa kura 178 dhidi ya 83.

MWANAIDI: Wengi wangerudi shambani kulea wajukuu.

BAKARI: Yeye aligombea ubunge, na kuanzia 1831 akakaa katika Baraza la Wawakilishi hadi kifo chake. Wakati huo wananchi wa Kaskazini walikuwa wakituma maombi kwa maelfu kutaka utumwa ukomeshwe, na mwaka 1836 Baraza likapitisha kanuni kwamba maombi yote ya aina hiyo yawekwe kando bila kujadiliwa. Mzee akaamua kuisumbua kanuni hiyo kila alipopata nafasi.

MWANAIDI: Kisa cha Februari 1837 ndicho ninachokipenda. Alisimama akamuuliza Spika James Polk, kwa upole kabisa, kama kanuni inaligusa ombi alilonalo mkononi, lililotoka kwa watumwa 22. Wabunge wa Kusini wakalipuka, wengine wakataka afukuzwe. Walipokuwa wamekwisha kuchemka vya kutosha, akawafahamisha kwamba watumwa hao walikuwa wakiomba utumwa usikomeshwe.

BAKARI: Walikuwa wamepigana na kivuli chao wenyewe! Hata hivyo, kanuni hiyo ilifutwa Desemba 1844 tu, baada ya miaka 8 ya ukaidi wake. Katikati ya vita hivyo, mwaka 1841, akiwa na miaka 73 na hajasimama mbele ya Mahakama ya Juu kwa zaidi ya miaka 30, aliwatetea Waafrika wa meli ya Amistad. Wengi wao walikuwa Wamende kutoka Sierra Leone, waliokuwa wameiteka meli iliyowachukua utumwani. Alizungumza zaidi ya saa 4 siku ya kwanza, akiwaonyesha majaji nakala ya Azimio la Uhuru iliyotundikwa humo humo mahakamani. Machi 9 wakaachiwa huru.

MWANAIDI: Na alifia kazini.

BAKARI: Februari 21, 1848, Baraza lilikuwa likipigia kura hoja ya kuwashukuru majenerali wa vita vya Marekani dhidi ya Mexico, vita alivyovipinga tangu mwanzo. Alijibu “Hapana” kwa sauti iliyosikika vizuri, na muda mfupi baadaye, akijaribu kuinuka, aliangukia upande wa kiti chake. Wenzake walimbeba hadi chumba cha Spika, hatua chache kutoka hapo, na humo akakata roho siku mbili baadaye.