Mchezaji Hachukii Fumbo

Naona wengine mmeanza kutabasamu. Ndiyo, ni Mass Effect tena, ule mfululizo wa gemu za angani unaocheza kama Kamanda Shepard. Nivumilieni.

Nimelisema hili mara nyingi: mchezaji hachukii mwisho wenye fumbo. Anachochukia ni kuulizwa maswali miaka mitano, kisha majibu yake yasitumike. Gemu ya kwanza ilitoka 2007, ya pili 2010, ya tatu Machi 2012, na sevu yako, yaani rekodi ya maamuzi yako, ilihama nawe. Ukimpoteza Wrex, mpiganaji mwenzako, kule kwenye sayari ya Virmire, amekwenda. Ukoo wake anauongoza Wreav, na ukifika Tuchanka, sayari yao, unazungumza na kiongozi mwingine kabisa. Gemu inakukumbusha kila mara kwamba haijasahau ulichofanya.

Halafu unafika mwisho. Kitoto cha mwanga kinakuonyesha njia tatu: kuangamiza mashine adui, kuzitawala, au kuunganisha viumbe hai na mashine. Wimbi jekundu, la buluu, la kijani, na filamu karibu ile ile. Wrex je? Waquarian, jamii nyingine ya anga, je? Kimya. Na mkurugenzi wa gemu alikuwa ameshaahidi kwamba mwisho hautakuwa wa kuchagua A, B au C!

Mashabiki wakawapelekea BioWare, waundaji wa gemu, keki ndogo 402, za rangi hizo hizo tatu, zote ladha moja. Sijasoma uhakiki mkali kuliko huo.

Sasa kuna bwana hukaa nyuma na kuniambia, "Sanaa haidaiwi." Sawa, riwaya na ifungwe kwa fumbo, kwa sababu msomaji hakuombwa aamue nani afe. Mimi niliombwa.

Tena tazameni jambo hili. Ukichagua kuangamiza ukiwa na jeshi kubwa la kutosha, unaonyeshwa kifua chenye deraya, kimelala kwenye vifusi, kinavuta pumzi mara moja. Basi, gemu imekwisha. Ni Shepard? Yuko wapi? Hakuna anayekueleza, na mashabiki wale wale waliofura kwa hasira waliichambua pumzi hiyo moja kama wanasheria. Fumbo wanalipenda! Juni 2012 BioWare walitoa nyongeza ya bure. Mawimbi yalibaki matatu, pumzi ikabaki bila maelezo, ila sasa ukaona yaliyowapata watu wako. Hasira nyingi ikapoa. (Nyongeza hiyo hiyo inakuruhusu kukataa njia zote tatu, hata kwa kukipiga risasi kile kitoto. Mnakufa wote. Nilifurahi sana.)

Mtaniambia matawi ya hadithi ni gharama: kila uamuzi unataka uigizaji wake, sauti zake, majaribio yake. Kweli. Lakini nyongeza ile ilitumia zaidi picha za mnato na sauti ya msimulizi, na gemu ya Fallout ilishafanya hivyo 1997, makazi moja baada ya jingine, ikikueleza umeyaachaje.

Niliahidi kugusa gemu ya Life is Strange, ila naonyeshwa saa. Ile ina kosa tofauti: mwisho wake uko wazi kabisa, ila maamuzi yako ya nyuma hayaubadilishi. Haya, maswali. Bwana wa nyuma, wewe subiri kidogo.