Tope la Titicaca na Chumvi ya Uyuni: Mhadhara Uliotolewa Mtwara

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu wa idara za maji, wa mashamba ya chumvi, walimu na wanafunzi, habari za jioni.

Ziwa tutakalolisema leo liko mbali, tena liko juu mno. Ni Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, na tutaona jinsi tope la sakafu yake linavyotunza habari za mvua na ukame wa kale. Uso wake uko mita 3,810 hivi juu ya usawa wa bahari, eneo lake ni kilomita za mraba 8,400 hivi, na penye kina kirefu ni zaidi ya mita 280. Lakini kalenda ya mvua zake mtaitambua: hukolea Desemba, hukatika kuelekea Aprili, maana nako ni kusini ya ikweta kama huku kwetu.

Nianze na hesabu ya maji, kwa sababu bila hesabu hiyo tope ni tope tu. Mvua na mito huingiza. Mto mmoja tu, Desaguadero, hutoa, nao hubeba chini ya sehemu moja ya kumi. Yaliyobaki huchukuliwa na jua na upepo. Ziwa la aina hii hupanda na kushuka kwa sababu ndogo: kati ya ukame wa miaka ya 1940 na mafuriko ya 1986, uso wake ulipishana kwa mita sita hivi. Maji yakishuka chini ya mdomo wa Desaguadero, ziwa limefungika, na chumvi yote inayoletwa na mito haina pa kwenda.

Wenye mashamba ya chumvi mnajua kinachofuata kuliko mimi. Maji ya bahari yakiingia kwenye majaruba, kinachotangulia kutuama ni chokaa. Yakikolea mara nne au tano, huja jasi. Chumvi ya kula hungoja mpaka yakolee mara kumi hivi. Maji ya ziwa si maji ya bahari na vipimo vyake hutofautiana, lakini chokaa hutangulia vilevile. Kwa hiyo tukikuta tabaka la chokaa kwenye tope la Titicaca, tunajua maji yalikuwa yamekolea.

Sasa tope lenyewe. Kabla ya kutoboa hupitishwa mawimbi ya sauti kutoka kwenye boti, mstari baada ya mstari, ili kuona tabaka zilivyolala. Tafuta mahali tambarare, mbali na midomo ya mito na miteremko mikali, maana mteremko ukiporomoka humwaga mchanga wa siku moja unaoonekana kama wa miaka elfu. Mawimbi hayohayo huonyesha jambo jingine kubwa: mahali ambapo tabaka za chini zimekatwa na za juu zimelala juu ya mkato. Hapo maji yalirudi nyuma, mawimbi ya maji yakala ardhi. Titicaca ina mkato wa namna hiyo mita 85 hivi chini ya uso wa leo.

Tope la juu kabisa ni jepesi kama uji. Hilo huchukuliwa kwa bomba fupi la plastiki angavu linaloshuka polepole kwa uzito wake. Maji yaliyo juu ya tope ndani ya bomba yakiwa machafu, mwaga, urudie. Uso umevurugika, na miaka mia ya karibuni imekwisha kupotea. Chini ya hapo hutumika bomba lenye pistoni. Pistoni husimama palepale usawa wa tope huku bomba likiipita kushuka, ikivuta kidogo ili tope lisijibane na kuziba mdomo. Kamba ya pistoni ikilegea, hata kwa sentimita kumi, bomba litashuka mita nzima na kurudi na tope lisilofika mita, na hakuna atakayejua pengo liko wapi. Ndiyo maana hutobolewa mashimo mawili jirani, la pili likianzia nusu mita chini zaidi, ili kiungo cha bomba moja kiangukie katikati ya bomba la pili. Bajeti ikibana, shimo la pili ndilo huachwa kwanza. Naomba msilikubali hilo kamwe.

Mwaka 2001 mtambo mkubwa juu ya tishari la chuma ulitoboa Titicaca mahali penye maji ya mita 235, ukatoa mashapo ya mita 136, yanayorudi nyuma miaka 370,000 hivi. Huko juu hewa ni karibu theluthi mbili ya hii tunayovuta hapa Mtwara. Injini isiyo na tabo (turbo), kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, hupoteza kama theluthi ya nguvu. Maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi, kwa hiyo maelekezo ya maabara yaliyoandikiwa watu wa pwani hayatoi matokeo kwa muda uleule. Na tope lililozoea uzito wa mita 235 za maji likifika juu, gesi iliyomo hutanuka: vifuniko huruka, nyufa hufunguka, tope la mita moja na nusu linakuwa refu kuliko bomba lake. Toboa vitundu vidogo kwenye vifuniko, iache ipumue, kisha ziba. Andika mshale wa upande wa juu palepale, kabla bomba halijawekwa chini. Hifadhi kwenye nyuzi 4. Usigandishe, barafu huvunja tabaka.

Maabarani, bomba hupitishwa kwanza kwenye pete ya kupima sumaku kabla halijapasuliwa. Barafu ya milimani husaga miamba, na unga wake una sumaku: vipindi vya barafu hutoa tope la kijivu lenye usomaji wa juu, na vipindi vya joto hutoa tope la rangi ya kahawia na kijani, lenye chokaa na usomaji wa chini. Kisha hupasuliwa kwa urefu. Nusu moja haiguswi tena, ni akiba. Nusu ya pili husafishwa kwa kukwangua kwa upana. Ukikwangua kwa urefu unaburuta miaka elfu moja juu ya nyingine.

Chokaa hupimwa kwa moto. Kausha sampuli usiku kucha kwenye nyuzi 105, upime. Unguza kwenye nyuzi 550 kwa saa nne: kilichopungua ni mabaki ya mimea na viumbe. Kisha nyuzi 950 kwa saa mbili: kilichopungua ni hewa ya kaboni iliyokuwa kwenye chokaa, na ukikizidisha kwa 2.27 unapata uzito wa chokaa yenyewe. Mtego uko kwenye udongo wa mfinyanzi. Nao hupoteza maji yake yaliyojificha kwenye moto huohuo, kwa hiyo jibu la asilimia mbili au tatu usilijengee hoja.

Mashahidi bora kuliko wote ni diatomu, mwani mdogo wenye gamba la kioo. Chukua chini ya nusu gramu, ondoa chokaa kwa asidi ya haidrokloriki, ondoa mabaki ya mimea kwa peroksaidi ya asilimia 30, suuza mara kadhaa kwa maji yaliyotoneshwa ukiacha yatuame kila mara, kisha hesabu magamba 300 au zaidi kwenye hadubini ya mara elfu. Aina iitwayo Cyclotella andina husema maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mapana, yenye kina. Cyclotella meneghiniana na Chaetoceros muelleri husema chumvi. Wanaoishi sakafuni wakizidi wanaoelea, ufuko umesogea karibu. Lakini kioo huyeyuka kwenye maji yenye magadi, kwa hiyo tabaka lisilo na diatomu halithibitishi kwamba hawakuwapo. Hesabu na yaliyolika nusu. Huku kwetu mfinyanzi wa Kilwa na Lindi umetunza magamba ya viumbe wadogo wa bahari ya kale kwa uzuri unaosifiwa duniani, kwa sababu umeziba maji yasipite. Si kila tope lina bahati hiyo.

Umri hutoka kwenye kaboni-14, kaboni yenye mnururisho iliyomo ndani ya viumbe, ambayo hupungua nusu kila miaka 5,730 na haifiki zaidi ya miaka 50,000 hivi. Pima mbegu na majani ya nchi kavu. Chokaa ya ziwa hubeba kaboni ya miamba, na umri wake hudanganya kwa kuzidi. Chini ya hapo, Titicaca ilipimwa kwa urani na thori, maana urani hugeuka thori polepole, ndani ya tabaka za chokaa aina ya aragonaiti.

Basi tope linasema nini? Kati ya miaka 26,000 na 15,000 hivi iliyopita, diatomu ni wa maji baridi: ziwa limejaa na linafurika. Kati ya miaka 8,000 na 5,000 hivi iliyopita, chumvi imepanda, maji yameshuka kwa mita zile 85, na tawi dogo la kusini, Huiñaimarca, limekauka karibu lote. Jua la Desemba hadi Februari, majira ya mvua za kule, lilikuwa dhaifu wakati huo, na mvua hizo zikawa dhaifu.

Hapa ndipo nataka mnisikilize zaidi. Mtungi uliojaa hausemi umemiminiwa kiasi gani. Ziwa linalofurika lina tope lilelile, liwe limefurika kidogo au mno. Titicaca ni shahidi mzuri wa ukame na shahidi hafifu wa wingi wa maji. Wingi lazima uulizwe kule maji ya Desaguadero yalikokuwa yakimwagikia, kwenye jangwa la chumvi la Uyuni, mita 3,650 juu ya bahari. Pale pametobolewa mwaka 1999 mpaka mita 220, na mashapo yake ni tope na chumvi vikipokezana: tope ni ziwa, chumvi ni ukame. Kati ya miaka 18,000 na 14,000 hivi iliyopita palikuwa na ziwa, wataalamu huliita Tauca, lililozidi kina cha mita 100. Fuko zake za chokaa bado zinaonekana kwenye vilima. Hata hapo usikimbilie kusema mvua tu. Baridi hupunguza maji yanayopaa, na ziwa hupanda kwa upungufu huo pia. Joto na matumizi huenda kinyume chake: Poopó, ziwa lililo kati ya Titicaca na Uyuni, lilitangazwa kukauka Desemba 2015.

Nimeulizwa kama tope la Rutamba, Kitere na Chidya, maziwa ya huku kwetu kusini, laweza kutobolewa hivi. Inawezekana, tena bila mtambo. Mitumbwi miwili iliyofungwa kwa mbao, tundu katikati, nanga tatu, bomba la mkono la mita moja moja. Pateni vibali kwanza. Pimeni kina cha maji na unene wa tope kwa fito kabla ya kununua chochote. Nendeni alfajiri, kusi halijaamka, maana jukwaa likiyumba shimo la pili litaingia ndani ya la kwanza. Chagueni mahali pawili: ziwa lenye mto unaotoka, na bwawa lisilo nao. Na mdomo wa bomba uchongwe makali kwa nje, ndani ubaki laini, la sivyo kila tabaka litapinda ukingoni kabla hamjaliona.